Ambroise Paré: Kinyozi aliyebadilisha tiba ya majeruhi wa vita

KATIKA karne ya 16, mwanajeshi wa Ulaya aliyepigwa risasi ya mguu alikabiliwa na mateso mawili: ya risasi yenyewe na ya tiba yake. Mpasuaji alimimina mafuta yaliyochemka ndani ya jeraha. Iwapo mguu ulilazimika kukatwa, kigutu kilichosalia kilichomwa kwa chuma chenye moto ili damu ikome kuvuja. Dawa ya nusukaputi haikuwapo.

Miongoni mwa waliochangia pakubwa kuibadilisha desturi hiyo ni Mfaransa Ambroise Paré, mtu ambaye hakusomea chuo kikuu wala hakukijua Kilatini, lugha ya wasomi wa zama hizo.

Paré alizaliwa mwaka wa 1510 hivi, katika kijiji cha Bourg-Hersent karibu na mji wa Laval, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Enzi hizo madaktari waliohitimu vyuoni hawakushika kisu. Wao walisoma vitabu vya Wagiriki na Warumi wa kale, kisha wakatoa maagizo. Kazi ya kupasua majipu, kuumika na kufunga vidonda iliachiwa vinyozi, waliojifunza kama mafundi wengine wowote, kwa kumtazama mwalimu akifanya. Hiyo ndiyo njia aliyoipitia Paré. Baadaye alifika Paris na kuhudumu kwa takriban miaka mitatu katika Hôtel-Dieu, hospitali kubwa ya maskini.

Akiwa na umri wa miaka 26 hivi, aliandamana na jeshi la Mfalme François wa Kwanza lililovuka milima ya Alps kuelekea Turin. Vilikuwa vita vyake vya kwanza, na hakuwa amewahi kutibu jeraha la bunduki. Alichokuwa nacho ni mafunzo ya Giovanni da Vigo, mpasuaji Mwitaliano aliyesifika mno, aliyeshikilia kwamba baruti hutia sumu mwilini na kwamba sumu hiyo sharti iunguzwe kwa mafuta ya moto. Paré aliwatazama wapasuaji wenzake, naye akafanya kama wao.

Majeruhi walikuwa wengi na mafuta yakamwishia. Kwa kukosa budi, alichanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliosalia. Usiku huo hakupata usingizi wa maana, kwani alihofia kuwakuta wamekufa kwa sumu. Alidamka mapema kwenda kuwatazama. Aliowapaka mchanganyiko wake walikuwa wamelala vyema, vidonda havikuvimba na maumivu yalikuwa machache. Waliomiminiwa mafuta ya moto walikuwa na homa, uchungu mwingi na uvimbe kandokando ya majeraha.

Mwenye macho haambiwi tazama. Tangu siku hiyo Paré aliazimia kutowachoma tena majeruhi wa risasi. Hata hivyo, hakukimbilia kutangaza. Aliendelea kuchunguza kwa miaka kadhaa, na mnamo 1545 akachapisha kitabu kuhusu tiba ya majeraha ya bunduki. Alikiandika kwa Kifaransa, lugha ambayo vinyozi wenzake waliweza kuisoma.

Hatua yake ya pili ilihusu kukata viungo. Mnamo 1552, katika vita vya kuuzingira mji wa Damvillers, afisa mmoja alivunjwa mguu na risasi ya mzinga. Paré aliukata. Badala ya kuchoma kigutu, aliivuta mishipa ya damu kwa koleo na kuifunga kwa uzi mmoja mmoja. Afisa huyo alipona na kurudi kwao kwa mguu wa mti. Kufunga mishipa kwa uzi kulijulikana na matabibu wa kale katika majeraha ya kawaida. Jambo jipya lilikuwa kuthubutu kukutumia wakati wa kukata kiungo.

Sifa zake zilienea kambini. Katika majira ya baridi ya mwaka huo huo, jeshi la Mfalme Mkuu Charles wa Tano lilipouzingira mji wa Metz, Paré alipenyezwa ndani usiku ili awahudumie waliozingirwa. Mwaka uliofuata alitekwa huko Hesdin, akaachiliwa baada ya kumtibu bwana mmoja wa upande wa adui aliyekuwa na donda sugu mguuni.

Mnamo 1561 zamu ilikuwa yake. Farasi alimpiga teke, mifupa miwili ya mguu wake wa kushoto ikavunjika na kutokeza nje ya ngozi. Aghalabu mvunjiko wa aina hiyo ulimaanisha kukatwa mguu au kufa. Paré aliwahimiza waliomtibu wasimwonee huruma, bali walipanue jeraha na kuondoa vipande vya mfupa. Alipatwa na homa na jipu, lakini mguu ulibaki wake.

Pengine kisa kinachomwonyesha vyema zaidi ni cha 1569, alipoitwa Flanders kumtazama Marquis wa Havré, aliyekuwa ameugua kwa miezi saba kutokana na risasi iliyomvunja mfupa karibu na goti. Mgonjwa alikuwa amekonda, ana homa, vidonda vya kulala mgongoni na shuka zisizobadilishwa. Paré alipasua paja ili kutoa usaha na vipande vya mifupa. Kisha aliagiza kitanda safi na chakula chenye nguvu, na maji yadondoshwe kutoka juu ili sauti yake, mithili ya mvua, imletee usingizi. Mgonjwa alipoanza kupata nafuu, waliletwa wapiga fidla na mchekeshaji. Hatimaye Marquis alisimama kwa magongo, na mguu haukukatwa.

Kwa waliopoteza viungo, kitabu chake cha 1564 kilionyesha michoro ya mkono wa chuma wenye springi na magurudumu ya meno, kazi ya fundi wa makufuli wa Paris, pamoja na mguu wa bandia wenye goti linalokunjika. Hakuwasahau wasio na fedha, kwani alichora pia mguu wa mti wa bei nafuu. Fauka ya hayo, aliandika kuhusu maumivu ambayo waliokatwa huyasikia katika kiungo ambacho hakipo tena.

Paré alikuwa mtu wa zama zake. Aliamini majimaji manne ya mwili kama alivyofundisha Galen, na kwa muda mrefu alithamini marhamu iliyotengenezwa kwa watoto wa mbwa waliochemshwa. Aidha, ufungaji wa mishipa kwa uzi ulihitaji utulivu na wasaidizi, mambo adimu vitani. Wapasuaji wengi waliendelea na chuma cha moto. Njia hiyo ilirahisishwa baada ya Mfaransa mwingine, Jean-Louis Petit, kubuni kifaa cha skrubu cha kubana mguu na kuzuia damu mnamo 1718. Nao uozo wa vidonda ulisubiri hadi karne ya 19, Joseph Lister alipoanza kutumia dawa ya kuua viini.

Wasomi hawakumpokea kwa mikono miwili. Alipochapisha kazi zake zote mnamo 1575, Kitivo cha Tiba cha Paris kilijaribu kuzizuia. Étienne Gourmelen, mmoja wa wakuu wake, baadaye alishambulia njia ya uzi akitegemea vitabu vya kale. Paré, aliyekuwa mzee wakati huo, alimjibu mnamo 1585 kwa kusimulia safari zake za vita moja baada ya nyingine, akitaja majeruhi aliowatibu na yaliyowapata.

Alifariki Paris mnamo Desemba 20, 1590, akiwa amewahudumia wafalme wanne wa Ufaransa. Leo, mpasuaji anapokata mguu usioweza kuokolewa, huifunga mishipa mikubwa kwa uzi, kama alivyofanya kinyozi huyo huko Damvillers.