Mzee Haldane na Jiko la Mkaa

Mwezi wa kumi mwaka jana tulikuwa tunachoma nyama nje ya nyumba tunayokaa, mvua ikatuharibia. Jamaa mmoja akashauri tuliingize jiko la mkaa ndani, tufunge madirisha, tuote moto humo humo mpaka tulale. Nilikataa katakata, wakaniita mwoga. Basi leo nawaeleza aliyenitia woga huo.

John Scott Haldane alizaliwa Edinburgh mwaka 1860, akasomea udaktari, kisha akafanya kazi miaka mingi Oxford. Mwaka 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, ulilipuka, wakafa watu 57. Haldane alikwenda kuchunguza, akakuta wengi hawakuuawa na mlipuko wala moto, bali na kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Yaani damu inazunguka kama kawaida, ila haibebi kile ambacho mwili unakihitaji.

Alijuaje? Aliivuta mwenyewe maabara, huku akipima damu yake. Alihema, kichwa kikamgonga, miguu ikalegea. Ubongo nao unadhoofika mapema, kwa hiyo mtu anakosa hata akili ya kutambua kwamba yuko hatarini. Ndipo akapendekeza wachimbaji washuke na panya au ndege wadogo, ambao huzidiwa kabla ya binadamu. Migodi ya Uingereza ilitumia ndege aina ya kanari mpaka 1986.

Mwaka 1911 alipanda Pikes Peak, Marekani, mita 4,302, akakaa kileleni na wenzake kama wiki tano. Huko juu oksijeni ni haba, na mgeni huumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Lakini siku zikipita mwili unazoea: mtu anapumua zaidi, chembe nyekundu za damu zinaongezeka. Ndiyo maana Kilimanjaro unaambiwa upande pole pole. Chumba chenye jiko hakikupi nafasi hiyo. Usiku mmoja unatosha kukumaliza.

Haldane alifariki Oxford mwaka 1936. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi tu, si daktari, ila nina ombi: jiko la mkaa libaki nje hata baridi ikizidi, na nyumba yenye hita ya gesi iwe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Hicho ndicho kanari wetu siku hizi. Nyama siku ile tuliila imepoa, lakini asubuhi sote tuliamka.