Ibn Sina na Kipimo cha Dawa

Kila nimwonapo mtu akimeza vidonge maradufu ili apone upesi, humkumbuka Ibn Sina. Alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, akahifadhi Kurani angali mtoto, na ujanani akamtibu Amiri. Kitabu chake, Al-Qanun, kilieleza mamia ya dawa na maradhi yatibiwayo kwazo, kikasomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa.

Mwanafunzi wake Juzjani ameeleza kwamba, aliposhikwa na msokoto wa tumbo vitani, alichelea kuachwa nyuma. Akajipiga bomba la dawa mara nane kwa siku moja, utumbo ukapata vidonda. Maradhi yakamrudia, akafariki Hamadan mwaka 1037.

Ikiwa bingwa huyo alidhurika kwa kuzidisha, basi sisi tushike kipimo alichotuandikia daktari.