Bakhita: Mtumwa wa Darfur aliyekataa kurudi utumwani

Kila tarehe 8 Februari, Kanisa Katoliki humkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Darfur aliyetekwa nyara utotoni, akauzwa na kununuliwa mithili ya mbuzi mnadani, na hatimaye akafariki akiwa mtawa nchini Italia. Ni siku ambayo pia Kanisa limeitenga, tangu mwaka wa 2015, kuwaombea wahanga wa biashara haramu ya binadamu.

Bakhita alizaliwa mnamo 1869 au karibu na mwaka huo katika kijiji cha Olgossa, magharibi mwa Sudan. Aila yake ilikuwa na riziki ya kutosha. Furaha hiyo ilianza kutoweka wateka-nyara walipomchukua dada yake mkubwa. Haukupita muda mrefu kabla ya zamu yake kufika, naye hakuwa ametimiza hata miaka kumi.

Hofu iliyompata siku hizo ilikuwa kubwa kiasi kwamba alisahau jina alilopewa na wazazi wake. Hilo la Bakhita alibandikwa na waliomteka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwani ni neno lililo ndugu ya bahati yetu. Watu hao walimwita mwenye bahati huku wakimswaga kwa miguu kuelekea sokoni.

Aliwahi kutoroka pamoja na msichana mwenzake, lakini wakaangukia mikononi mwa mtu mwingine ambaye naye aliwauza. Mjini El Obeid alinunuliwa na afisa wa jeshi la Kituruki. Nyumbani mwa afisa huyo, kiboko kilikuwa sehemu ya kila siku. Ukatili uliomwachia alama za kudumu ulikuwa wa chale: alichorwa kwa unga mwilini, michoro ikafuatishwa kwa wembe, kisha majeraha yakasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Makovu hayo, 114 kwa hesabu yake, alizikwa nayo.

Mnamo 1883, Callisto Legnani, naibu wa balozi mdogo wa Italia, alimnunua mjini Khartoum. Kwa mara ya kwanza tangu atekwe, Bakhita aliishi katika nyumba ambamo hakuchapwa. Vita vya Mahdi vilipopamba moto na Legnani akajiandaa kurejea kwao, msichana huyo alimsihi amchukue. Walifika Italia mnamo 1885, ambako Bakhita alikabidhiwa mke wa Augusto Michieli, rafiki ya Legnani, akawa yaya wa binti yao mdogo.

Familia ya Michieli ilikuwa na hoteli huko Suakin, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Mama mwenye nyumba alipolazimika kusafiri huko, aliwaacha mtoto na yaya wake chini ya uangalizi wa Masista Wakanosa mjini Venice. Ni hapo Bakhita alipoanza kufundishwa katekisimu na kumjua Mungu ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akimhisi moyoni tangu utotoni alipoyatazama jua, mwezi na nyota.

Mama huyo aliporejea kuwachukua, Bakhita alikataa kuondoka. Yeye ambaye maisha yake yote alikuwa ameamuliwa na wengine, alisimama mbele ya wakubwa akasema hapana. Mzozo ulifika mbele ya vyombo vya sheria, na mnamo Novemba 29, 1889, ikaamuliwa kwamba utumwa haukutambuliwa na sheria ya Italia; kwa hivyo Bakhita alikuwa mtu huru. Alibatizwa Januari 9, 1890, akaingia unovisi mnamo 1893 na kuweka nadhiri Desemba 8, 1896.

Kuanzia mwaka wa 1902 aliishi katika mji wa Schio, kaskazini mwa Italia. Hakuanzisha shirika wala hakuandika vitabu vya teolojia. Alipika, akashona, akatunza sakristia, na kwa miaka mingi akawa bawabu wa nyumba ya watawa, akiwapokea watoto na maskini waliobisha hodi. Habari zake zilipochapishwa katika kitabu mnamo 1931, watu walianza kumiminika kumwona.

Lililowashangaza wengi ni msamaha wake. Alieleza kwamba lau angekutana na waliomteka na kumtesa, angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa bila hayo asingekuwa Mkristo wala mtawa. Maneno hayo huwakera baadhi ya Waafrika, na si ajabu. Utumwa ni dhuluma, na hakuna mema yanayoweza kuuhalalisha. Hata hivyo, anayedhani kwamba Bakhita alisamehe kwa sababu ya unyonge na akumbuke siku ile ya Venice. Aliwasamehe waliomfunga, lakini kifungo chenyewe alikikataa katakata.

Katika ugonjwa wake wa mwisho, akili ikimrudisha utotoni, alimwomba muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Miaka zaidi ya hamsini ya uhuru haikuwa imeifuta kumbukumbu hiyo mwilini. Alifariki Februari 8, 1947.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mnamo 1992 na mtakatifu Oktoba 1, 2000. Naye Papa Benedikto XVI alisimulia maisha yake katika waraka wake wa mwaka wa 2007 kuhusu matumaini.

Wasichana wetu wangali wakirubuniwa kwa ahadi za kazi nzuri ng'ambo, na wengine hupokonywa pasipoti pindi wafikapo. Sala ya Februari 8 inawahusu hao. Anayeisali na huku amemfungia yaya wake nyumbani bila mshahara, basi na amtazame Bakhita mara ya pili.