Wangila: Dhahabu ya Seoul, mauti ya Las Vegas

BONDIA Robert Wangila alizaliwa Nairobi mwaka wa 1967, ingawa jina lake ni la Kibukusu na si geni masikioni mwa wakazi wa Malaba na Busia.

Katika Olimpiki za Seoul mwaka wa 1988, akiwa na umri wa miaka 21, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta. Hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa dhahabu ya ndondi kabla yake, wala hajatokea mwingine.

Baadaye alijitosa katika ndondi za kulipwa nchini Marekani. Huko raundi ni nyingi, na kofia ya kukinga kichwa haivaliwi.

Julai 22, 1994, jijini Las Vegas, alimenyana na David Gonzales. Refa Joe Cortez alisimamisha pigano katika raundi ya tisa, naye Wangila akalalamika. Hapo ndipo penye hila ya jeraha hili. Konde zito huutikisa ubongo ndani ya fuvu, mishipa midogo hukatika, na damu huvuja polepole mhusika akiwa bado wima, pengine akibishana. Fuvu halitanuki, kinachobanwa ni ubongo.

Alizirai katika chumba cha kubadilishia mavazi. Madaktari walimpasua, lakini hakuzinduka. Alifariki Julai 24, akiwa na miaka 26.

Kwa kuwa alikuwa amesilimu, mzozo ulizuka iwapo azikwe Kiislamu au Kikristo.