Maisha ya Robert Koch, munganga wa mikrobe

Mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili akifika kituo cha afya hapa Goma, anatumwa labo kutoa makohozi, na mara nyingi kwenye karatasi yake kunaandikwa herufi mbili: BK. Tunaziona tu bila kuuliza. B ni basili, ni kusema mikrobe yenye umbo la fimbo ndogo. K ni jina la mtu. Ule mtu ni Robert Koch, Mjerumani, na katika namba hii ya gazeti letu ninataka kueleza maisha yake. Si juu ya kumsifu tu, sababu vitabu vyetu vya biolojia vimemsifu vya kutosha. Kuna mambo aliyoyafanya hapa Afrika, karibu na kwetu, ambayo vitabu vile vinayapita mbio mbio.

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1843 kule Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz. Baba yake alifanya kazi ya migodi, na mama yake alizaa watoto kumi na watatu. Kwa hiyo haikuwa nyumba ya watu wenye kukosa kelele! Wanasimulia kwamba Robert alijifundisha kusoma yeye mwenyewe kwa magazeti ya baba yake akiwa na miaka mitano tu. Mwaka 1862 aliingia iniversite ya Göttingen, na mwaka 1866 akawa munganga. Mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, nao wakazaa mtoto mmoja, Gertrud.

Alitaka sana kusafiri mbali, lakini kazi aliyoipata ilikuwa ya munganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko ndani ya Poland. Hapo hakukuwa labo, hakukuwa profesa wa kumwongoza, hakukuwa hata maktaba nzuri. Alikuwa na mikroskopu ambayo inasemwa bibi yake ndiye alimpa, na chumba kimoja alichokigawanya kwa pazia: upande huu wagonjwa, upande ule kazi yake ya utafiti.

Wakati ule ng'ombe na kondoo wa ile wilaya walikuwa wanakufa kwa kimeta. Wafugaji wa Masisi wanaelewa hasara ya namna hiyo. Wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo ndani ya damu ya mnyama aliyekufa, lakini nani angesema kwamba vile vijiti ndivyo vilimwua? Labda vilikuja tu nyuma ya kifo. Koch alichukua kipande kidogo cha mti, akakichovya katika ile damu, akakiingiza chini ya ngozi ya panya. Panya akafa, na damu yake ikajaa vijiti. Kisha akavikuza nje ya mwili, ndani ya tone la maji ya jicho la ng'ombe, akaona vinageuka kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa katika udongo miaka mingi. Ndiyo maana malisho yanayoonekana safi yanaua tena. Mwaka 1876 alipeleka kazi yake Breslau kwa profesa Ferdinand Cohn, na wakubwa wakashangaa kwamba munganga wa mashamba amefanya jambo ambalo wao hawakulifanya.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Hapo alipata wasaidizi, na hapa nisimame kidogo juu ya mtu mmoja anayesahauliwa. Walikuwa wanakuza mikrobe juu ya gelatini, lakini gelatini inayeyuka kukiwa joto. Fanny Hesse, bibi ya mmoja wa wasaidizi, alijua agari kutoka jikoni, sababu alikuwa anaitumia kugandisha vyakula vyake. Ni yeye alitoa shauri waijaribu. Labo za dunia nzima zinatumia agari mpaka leo, na jina la yule mama linajulikana na watu wachache sana.

Sasa tufike kwenye ile BK. Wakati ule katika Ulaya, mtu mmoja kwa saba alikufa kwa kifua kikuu. Wengi waliamini ni ugonjwa wa ukoo, unatoka kwa baba kwenda kwa mtoto kama sura ya uso. Mikrobe yake ilikuwa ngumu kuonekana kwa kuwa haikubali rangi upesi, na ngumu kukuzwa kwa kuwa inakua polepole sana. Mikrobe nyingine inaonekana kesho yake, lakini hii inakuomba uvumilie wiki nyingi. Koch alivumilia. Kisha akaiingiza katika simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa jikoni kwetu Kivu, nao wakapata ugonjwa uleule. Tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 1882 alieleza yote mbele ya wataalamu wa Berlin. Mwezi huo na tarehe hiyo ni siku ya kifua kikuu duniani.

Mwaka 1883 alitumwa Misri juu ya kolera. Wafaransa pia walituma watu wao, na kijana mmoja wao, Louis Thuillier, alikufa kwa kolera hapohapo Alexandria. Koch akaendelea mpaka Calcutta, na mwanzo wa mwaka 1884 akatangaza mikrobe ya kolera, iliyopindika kama alama ya mkato katika maandishi. Kwa kweli Mtaliano Filippo Pacini aliiona tangu mwaka 1854, lakini watu hawakumsikiliza. Koch aliikuta ndani ya maji ya kisima ambacho watu walikuwa wanakunywa na kufulia. Sisi wa Goma hatuhitaji maelezo marefu juu ya kolera na maji. Wazazi wetu waliona mwaka 1994 namna gani wakimbizi walikufa kwa maelfu katika wiki chache.

Lakini si wote walimwamini. Mwaka 1892 profesa Max von Pettenkofer wa München alikunywa mikrobe ya kolera mbele ya watu, ili kuonyesha kwamba peke yake haiwezi kuua. Akaharisha kidogo, akapona! Koch alikuwa na haki juu ya mikrobe, lakini yule mzee alikuwa ameuliza swali la kweli: juu ya nini huyu anaanguka na mwenzake aliyekunywa maji yaleyale anabaki mzima?

Sasa ninafika kwenye sehemu isiyopendeza. Mwaka 1890 Koch alikuwa mtu mkubwa, na serikali yake ilitaka ushindi mwingine. Mwezi wa nane, katika mkutano mkubwa wa waganga Berlin, alisema amepata kitu kinachozuia kifua kikuu katika simbilisi. Miezi michache nyuma yake dawa ikatolewa kwa watu, ikaitwa baadaye tuberkulini, na yeye akakataa kusema imetengenezwa na nini. Treni zikajaa wagonjwa wanaokwenda Berlin. Wengine walikufa njiani na wengine walikufa nyuma ya sindano. Rudolf Virchow alifungua miili ya waliokufa, akaonyesha kwamba ile dawa haikuua mikrobe, na wengine iliwazidishia ugonjwa. Mwanzo wa mwaka 1891 siri ikafunuliwa: ilikuwa tu maji ya mikrobe yenyewe iliyokuzwa katika gliserini. Ile tuberkulini haikutupwa, lakini. Baadaye wengine waligundua kwamba inafaa kwa kupima, si kwa kuponya, na mpaka leo inachomwa kidogo katika ngozi ya mkono ili kujua kama mtu amekwisha kuguswa na BK. Katika miaka ileile ndoa yake ilivunjika, na mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa amekubali kujaribiwa ile tuberkulini mwilini mwake.

Nyuma ya pale Koch alisafiri sana. Alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akachunguza malaria, na pia tauni iliyokuwa Kisiba upande wa Bukoba. Mwaka 1905 alirudi Afrika Mashariki na kuonyesha kwamba homa ya kurudi-rudi inaletwa na papasi, wale wadudu ambao Kongo tunawaita kimputu, waliojificha katika udongo wa nyumba za kulala wasafiri. Wakati huohuo watafiti wengine wawili walikuwa wanatafuta jambo lilelile hapa Kongo. Mmoja wao, Joseph Dutton, alikufa Kasongo mwezi wa pili mwaka 1905 kwa ugonjwa aliokuwa anauchunguza. Mwisho wa mwaka huo Koch alipewa zawadi ya Nobel.

Mwaka 1906 alikuja kwa mara nyingine, juu ya ugonjwa wa usingizi. Tangu mwaka 1900 ugonjwa huu ulikuwa umeua zaidi ya watu 200.000 kandokando ya Ziwa Victoria. Koch alijenga kambi katika visiwa vya Sese upande wa Uganda, visiwa vyenye watu wavuvi, sawa Idjwi katika ziwa letu. Wagonjwa walikuja kwa mamia. Wengine walibebwa, wengine walikuwa wamekwisha kupotewa akili. Alikuwa na dawa inayoitwa Atoxyl. Jina lake linataka kusema haina sumu. Kumbe ndani yake mna arseniki!

Mwanzoni alichoma nusu gramu, na mikrobe ikatoweka katika damu. Alifurahi. Lakini nyuma ya muda ikarudi. Akaongeza dawa mpaka gramu moja nzima. Wagonjwa walipata maumivu makali, kizunguzungu na kutapika, na wengi wakakimbia kambi. Watu 22 wakawa vipofu, wala macho yao hayakurudi tena. Hapo akashusha kipimo.

Mimi nimefikiri sana juu ya wale 22. Wengine watasema: ugonjwa ule ulikuwa unaua kila mtu, afadhali kujaribu kuliko kukaa mikono mitupu. Neno hili lina uzito, silikatai. Lakini katika Berlin mgonjwa wa tuberkulini alikuwa na Virchow wa kufungua maiti na magazeti ya kupiga kelele. Kule Sese nani angeuliza? Tena Koch alishauri serikali ikusanye wagonjwa katika kambi za kuwatenga, na mamba wauawe, kwa kuwa tse-tse wananyonya damu yao. Na bado hakujua mikrobe inafanya nini ndani ya tse-tse. Aliyeonyesha kwamba inakua mle siku nyingi kwanza, kisha ndipo inaambukiza, ni msaidizi wake Kleine, mwaka 1909, Koch akiwa amekwisha kurudi kwao.

Atoxyl ilitumiwa pia Kongo. Arseniki ilibaki katika dawa za ugonjwa huu miaka mingi sana. Ile ya mwaka 1949, melarsoprol, ilikuwa inaua karibu mgonjwa mmoja kwa ishirini, na waganga waliichoma huku wanaogopa. Mwaka 2018 ndipo vidonge vya fexinidazole vilikubaliwa, vinamezwa siku kumi, hakuna sindano. Vilijaribiwa hapa Kongo na Afrika ya Kati, na aliyeongoza kazi ni Mkongomani, munganga Victor Kande. Mgonjwa alielezwa kwanza, na alikuwa na haki ya kukataa. Lakini hata leo waganga bado wanauliza kwa nini watu wengine wanabeba mikrobe ile, wengine ndani ya ngozi, miaka mingi bila kuanguka.

Koch alikosea pia juu ya maziwa. Mwaka 1901, kule London, alisema kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari kubwa kwa mtu. Waingereza walichunguza miaka kumi, wakaona inawezekana kabisa mtoto kuupata kwa maziwa mabichi. Ninyi mnaokunywa maziwa ya kwetu moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe, mmesikia: chemsheni.

Na ule ugonjwa aliouelezea mwaka 1882 haukumwacha. Karibu robo ya watu wa dunia wamebeba BK ndani yao, lakini kati ya watu kumi hapafiki zaidi ya mmoja anayeugua katika maisha yake. Ni nini kinawalinda wale wengine? Hatujui vizuri. BCG tunayochanjwa tukiwa wachanga, iliyoanza kutumiwa kwa mtoto mwaka 1921, inalinda watoto wadogo, lakini mtu mzima inamlinda kidogo tu. Chanjo mpya ya wakubwa, M72, ilianza kujaribiwa kwa watu wengi kule Afrika ya Kusini mwaka 2024. Katika mwaka 2023 tu, kifua kikuu kiliua watu karibu milioni moja na robo.

Tarehe 7 mwezi wa nne mwaka 1910 Koch alisimama mbele ya wataalamu wa Berlin kusoma mafundisho yake juu ya namna kifua kikuu kinavyoenea kati ya watu. Siku chache nyuma yake moyo wake ukashikwa. Alikufa Baden-Baden tarehe 27 mwezi wa tano, akiwa na miaka 66, na majivu yake yaliwekwa ndani ya nyumba ya utafiti yenye jina lake kule Berlin. Dawa ya kwanza iliyoua BK kweli, streptomisini, ilipatikana mwaka 1943.