Tikiti Langu na Atomu ya Rutherford

Mimi ndiye mnayeniita Tikiti. Wengi wenu, hasa wa kidato cha kwanza, mmelisikia jina hilo bila kujua lilikotoka. Basi tegeni sikio.

Nilipokuwa kidato cha pili, katika mtihani wa kemia tuliambiwa tuchore atomu. Mimi nikachora duara, nikalijaza vitone kama mbegu ndani ya tikiti maji. Nilipata sifuri, tena ya wino mwekundu! Karatasi ilizunguka darasa zima kabla ya kunifikia, na jina likaning'ang'ania kama kupe. Kwa hasira nilikwenda maktaba kutafuta wa kunitetea. Nikamkuta Ernest Rutherford, kumbe ndiye aliyeniangusha.

Jamaa huyu alizaliwa New Zealand tarehe 30 Agosti 1871, mtoto wa nne kati ya 12. Babake alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, mamake mwalimu. Alisoma kwa ufadhili. Mwaka wa 1895 aliomba ufadhili wa kwenda Uingereza, akawa wa pili, na nafasi ilikuwa moja tu. Bahati yake, wa kwanza aliikataa. Hebu fikiria kama angeikubali!

Huko Cambridge alifundishwa na J. J. Thomson, aliyegundua elektroni mwaka wa 1897. Kabla ya hapo, tangu siku za John Dalton, wanasayansi wengi walidhani atomu ni kijipande kigumu kisichogawanyika. Thomson akasema la, atomu ni donge lenye chaji chanya, na elektroni zimetapakaa ndani. Si ndilo tikiti langu hasa? Tulichora kitu kimoja, lakini yeye hakupewa sifuri.

Rutherford alikwenda Montreal, Kanada, mwaka wa 1898. Pamoja na Frederick Soddy akaonyesha kwamba atomu za elementi moja zaweza kugeuka zenyewe kuwa za elementi nyingine. Kwa kazi yake alituzwa Nobel ya mwaka wa 1908, ati ya kemia, naye mtu wa fizikia!

Wakati huo alikuwa amehamia Manchester. Mwaka wa 1909 yeye na msaidizi wake Hans Geiger walimpa kazi mwanafunzi wa miaka 20, Ernest Marsden, ambaye hata digrii hakuwa nayo. Alitakiwa kurusha chembe za alfa kwenye utando mwembamba sana wa dhahabu, aangalie kama kuna zinazorudi nyuma. Hakuna aliyetarajia zirudi. Kwa tikiti la Thomson, zote zingepenya. Basi kijana akakaa gizani, jicho kwenye hadubini, akihesabu vimweko vidogo kimoja kimoja. Nyingi zilipita moja kwa moja. Lakini chache, kama moja kati ya 8,000, ziligonga na kurudi!

Rutherford aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka wa 1911 akatoa jibu: karibu uzito wote wa atomu umo katika kiini kidogo mno, na sehemu kubwa iliyobaki ni tupu. Kama atomu ingekuwa uwanja wa mpira, kiini kingekuwa punje ya mahindi pale katikati. Tikiti la mwalimu wake likapasuka, na langu pia.

Yeye mwenyewe hakupatia yote. Mchoro wake haukueleza kwa nini elektroni hazianguki ndani ya kiini, ikabidi Niels Bohr aurekebishe mwaka wa 1913. Na mwaka wa 1933 Rutherford alipuuza wazo la kupata nishati kubwa kutoka kwa atomu, akaliona ndoto ya mchana. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1937, akazikwa Westminster Abbey karibu na Newton. Mwaka uliofuata Wajerumani wakapasua kiini cha urani, na mwaka wa 1945 Hiroshima ikateketea.

Nilimpelekea mwalimu wetu habari hizi zote nikidai alama zangu. Alisoma hadi mwisho, akacheka sana. Kisha akanikumbusha kwamba mtihani wangu ulifanywa baada ya 1911, akanirudishia karatasi na sifuri yake.