Louis Pasteur

Louis Pasteur (27 Desemba 1822 – 28 Septemba 1895) alikuwa mwanakemia na mwanabiolojia wa Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba vijidudu, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, husababisha uchachu pamoja na magonjwa mengi. Pia anakumbukwa kwa njia ya kuhifadhi vinywaji kwa joto inayoitwa kwa jina lake, na kwa chanjo za kimeta na kichaa cha mbwa.

Pasteur hakusomea utabibu. Utafiti wake ulianza katika kemia ya fuwele, ukapitia viwanda vya pombe, mashamba ya mizabibu, ufugaji wa viwavi wa hariri na malisho ya kondoo, ndipo ukafika hospitalini. Mara nyingi tatizo lililoletwa na mfanyabiashara au mfugaji ndilo lililomfungulia swali jipya la kisayansi.

Maisha ya awali

Pasteur alizaliwa mjini Dole, katika eneo la Jura mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa mtengenezaji wa ngozi aliyewahi kuwa sajenti katika jeshi la Napoleon Bonaparte. Mama yake aliitwa Jeanne-Etiennette Roqui. Baadaye familia ilihamia Arbois, mji mdogo wenye mashamba ya mizabibu, na huko ndiko Louis alikokulia.

Shuleni hakuonekana kuwa na kipaji cha pekee, ila alipenda kuchora. Picha za wazazi wake alizozichora akiwa kijana zimehifadhiwa hadi leo. Mwaka 1838 alipelekwa Paris kusoma, lakini alilemewa na hamu ya nyumbani akarudi baada ya muda mfupi. Aliendelea na masomo mjini Besançon, na mwaka 1842 alifaulu mtihani wa sayansi huku alama yake ya kemia ikiwa hafifu. Mwaka 1843 aliingia École Normale Supérieure, chuo maarufu cha Paris, na mwaka 1847 alipata shahada ya uzamivu katika sayansi.

Mwaka 1849, alipokuwa akifundisha Strasbourg, alimwoa Marie Laurent. Mke wake alikuwa msaidizi wake wa karibu: aliandika aliyosomewa na mumewe na kunakili kazi zake. Walizaa watoto watano, lakini watatu kati yao walifariki wakiwa wadogo, wawili kwa homa ya matumbo.

Utafiti wa fuwele

Ugunduzi wake wa kwanza ulikuwa mwaka 1848. Wanakemia walikuwa na fumbo kuhusu asidi ya tartari, ambayo hupatikana katika mapipa ya divai. Kulikuwa na aina mbili zilizolingana kikemia, lakini moja ilipindisha mwelekeo wa nuru maalumu iliyopitishwa ndani ya mmumunyo wake, na nyingine haikufanya hivyo.

Kwa kutumia hadubini, Pasteur aliona kwamba chumvi ya aina hiyo ya pili ilikuwa mchanganyiko wa fuwele za maumbo mawili, yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Alizitenganisha moja moja kwa kibano. Kundi moja lilipindisha nuru kulia na jingine kushoto. Zikichanganywa sawasawa, nguvu zao hufutana. Mwanafizikia mzee Jean-Baptiste Biot hakusadiki mpaka jaribio liliporudiwa mbele yake. Leo ujuzi huo ni wa lazima katika utengenezaji wa dawa, kwa kuwa maumbo mawili ya dawa moja yanaweza kufanya kazi tofauti mwilini.

Uchachu na viwanda

Mwaka 1854 Pasteur aliteuliwa kuwa mkuu wa kitivo cha sayansi mjini Lille, katika eneo la viwanda la kaskazini mwa Ufaransa. Mwaka 1856 mwenye kiwanda aliyeitwa Bigo, aliyetengeneza pombe kutokana na viazisukari, alimwomba msaada kwa sababu baadhi ya mapipa yake yaliharibika na kuwa machachu.

Wakati huo wanakemia wengi, akiwemo Mjerumani Justus von Liebig, waliamini kwamba uchachu ni badiliko la kikemia tu lisilohitaji kiumbe hai. Pasteur alichunguza majimaji kwa hadubini. Penye uchachu mzuri aliona chembe za duara za hamira. Penye uharibifu aliona vijidudu vyembamba zaidi. Mwaka 1857 alitoa taarifa kuhusu uchachu wa maziwa, akieleza kwamba kila aina ya uchachu ina kijidudu chake.

Kutoka hapo lilizuka swali jingine: vijidudu hivyo hutoka wapi? Mwanabiolojia Félix Pouchet alidai kwamba hujitokeza vyenyewe katika vitu visivyo hai. Pasteur alichemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ndefu iliyopindika kama ya bata maji. Hewa iliingia, lakini vumbi lilinaswa katika shingo, na mchuzi haukuoza. Shingo ilipovunjwa, uliharibika haraka. Mwaka 1860 alipeleka chupa 20 kwenye barafu ya milima ya Alps, akazifungua na kuzifunga tena huko. Moja tu iliharibika, kwa kuwa hewa ya huko ina vumbi kidogo. Mwaka 1862 alipewa tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1863 Kaisari Napoleon III alimtaka achunguze magonjwa ya divai yaliyoharibu biashara ya nchi. Pasteur aligundua kwamba divai ikipashwa joto la nyuzi 50 hadi 60 za selsiasi, vijidudu vinavyoiharibu hufa huku ladha ikibaki. Alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1865. Kabla yake mpishi Nicolas Appert alikwisha kuhifadhi vyakula kwa kuvichemsha katika chupa zilizofungwa, lakini ni Pasteur aliyeeleza sababu yake. Baadaye alichunguza pia bia, na mwaka 1873 alipata hataza nchini Marekani kuhusu hamira isiyo na vijidudu vingine.

Viwavi wa hariri

Mwaka 1865 mwalimu wake wa zamani, Jean-Baptiste Dumas, alimwomba aende Alès, kusini mwa Ufaransa, ambako ugonjwa uliangamiza viwavi wa hariri na kuzifukarisha familia zilizowategemea. Pasteur hakuwa na ujuzi wowote wa viwavi hao, lakini alikubali.

Kazi ilichukua takribani miaka mitano. Mwanzoni alikosea kuhusu chanzo cha ugonjwa. Baadaye alitambua kwamba yalikuwepo magonjwa mawili tofauti. Aliwafundisha wafugaji kumponda nondo jike baada ya kutaga na kumchunguza kwa hadubini: akiwa na dalili za ugonjwa, mayai yake yachomwe. Alisisitiza pia usafi na hewa ya kutosha katika vibanda, kwa sababu mazingira mabaya yaliwadhoofisha viwavi.

Miaka hiyo ilikuwa ya majonzi. Baba yake na binti yake Camille walifariki mwaka 1865, na binti mwingine, Cécile, mwaka 1866. Mwezi Oktoba 1868 Pasteur mwenyewe alipatwa na kiharusi kilichomlemaza upande wa kushoto. Tangu hapo majaribio yake mengi yalifanywa kwa mikono ya wasaidizi.

Kimeta na chanjo

Kuanzia mwaka 1877 Pasteur alichunguza kimeta, ugonjwa unaoua kondoo na ng'ombe. Mjerumani Robert Koch alikuwa amekwisha kueleza maisha ya bakteria wake mwaka 1876. Pasteur alitaka kujua kwa nini malisho fulani yaliendelea kuua mifugo kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba mbegu za bakteria hubaki udongoni mahali mizoga ilipozikwa, na akaeleza kwamba nyungunyungu huzirudisha juu kwenye nyasi. Kwa hiyo aliwashauri wafugaji wasizike mizoga katika malisho.

Mwaka 1879 na 1880, akichunguza kipindupindu cha kuku, aliona kwamba vijidudu vilivyodhoofika havikuwaua kuku bali viliwakinga. Alikusudia kufanya vivyo hivyo kwa kimeta. Tarehe 5 Mei 1881, katika shamba la Pouilly-le-Fort, kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe kadhaa walichanjwa mbele ya watu, na wengine wakaachwa bila chanjo. Tarehe 31 Mei wote walidungwa vijidudu vikali. Tarehe 2 Juni kondoo wote wasiochanjwa walikufa, na waliochanjwa walikuwa hai. Habari hizo zilienea duniani.

Kichaa cha mbwa

Kichaa cha mbwa kilikuwa na sababu ambayo haikuonekana hata kwa hadubini, kwa kuwa virusi vilikuwa bado havijajulikana. Pamoja na msaidizi wake Émile Roux, Pasteur alikausha uti wa mgongo wa sungura wagonjwa ili kupunguza ukali wa ugonjwa. Kwa kuwa ugonjwa huchukua wiki kadhaa kujitokeza baada ya kuumwa, alitarajia chanjo ingeweza kuuwahi.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimleta mtoto wake wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mara nyingi siku mbili kabla. Kwa kuwa Pasteur hakuwa tabibu, sindano zilidungwa na Dkt. Jacques-Joseph Grancher, 13 kwa jumla. Roux hakukubali kushiriki, akiona ni mapema mno. Mtoto hakuugua. Mnamo Oktoba mwaka huo alitibiwa pia Jean-Baptiste Jupille, mchungaji kijana aliyepambana na mbwa mwenye kichaa ili kuwaokoa wenzake.

Si wote waliopona. Msichana Louise Pelletier, aliyeletwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya kuumwa, alifariki. Mwaka 1886 walifika Warusi 19 walioumwa na mbwa mwitu. 16 walipona na 3 walifariki.

Michango ya watu wa nchi nyingi iliwezesha kujengwa kwa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, iliyofunguliwa tarehe 14 Novemba 1888. Pasteur alifariki karibu na Paris tarehe 28 Septemba 1895, akafanyiwa mazishi ya kitaifa. Kaburi lake limo ndani ya taasisi hiyo.

Madaftari na ukosoaji

Pasteur aliiagiza familia yake isimwonyeshe mtu madaftari yake ya maabara. Yalibaki kwao hadi mjukuu wake alipoyakabidhi kwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mwaka 1964. Mwaka 1995 mwanahistoria Gerald Geison wa Marekani alitoa kitabu kilichotokana na madaftari hayo.

Yalionyesha kwamba chanjo iliyotumiwa Pouilly-le-Fort ilitengenezwa kwa kemikali, kwa njia ya msaidizi wake Charles Chamberland, ingawa Pasteur aliwaacha watu waamini kwamba alitumia njia yake ya hewa. Tabibu wa mifugo Henri Toussaint alikuwa ametangulia kujaribu chanjo ya kimeta iliyotumia kemikali, lakini hakupewa sifa aliyostahili. Ilionekana pia kwamba majaribio ya chanjo ya kichaa kwa mbwa yalikuwa machache kuliko watu walivyodhani Meister alipodungwa. Wanasayansi wengine walimtetea Pasteur wakisema kwamba matokeo yenyewe yalikuwa ya kweli. Kwa utaratibu wa leo, utafiti wa namna hiyo hauruhusiwi bila majaribio kamili na kibali cha kamati ya maadili.

Urithi

Maziwa mengi yanayouzwa katika pakiti, Afrika Mashariki pia, huhifadhiwa kwa njia inayotokana na utafiti wake wa divai. Kazi zake zilimsaidia Joseph Lister wa Uingereza kuanzisha upasuaji unaozuia vijidudu kuingia vidondani. Wanafunzi wa taasisi yake waliendeleza kazi: Alexandre Yersin alitambua bakteria wa tauni huko Hong Kong mwaka 1894, na Albert Calmette pamoja na Camille Guérin walitengeneza chanjo ya kifua kikuu ya BCG, ambayo watoto wachanga nchini Tanzania na Kenya huchanjwa hadi leo.

Kichaa cha mbwa bado huua watu barani Afrika na Asia, ingawa kinazuilika. Aliyeumwa anatakiwa kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha kwenda kituo cha afya kupata chanjo bila kusubiri dalili, kwa kuwa dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur.